Mwenye Bendera wa Timboni

Jumatatu ya pili ya mwezi wa nne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, lori la kwanza la Kapsumet liliingia jaani, na Kigen akainua bendera nyekundu kulionyesha pa kumwaga. Mvua ilikuwa imenyesha siku nane mfululizo. Kigen alivaa gambuti za rangi mbili, nyeusi mguu wa kulia na ya kijani mguu wa kushoto, zote alizookota palepale katika miezi tofauti. Lori lilirudi kinyumenyume, likainua mgongo, likamwaga maganda ya viazi, nepi, majani ya chai, magunzi, na mifuko ya unga iliyokung'utwa hadi chembe ya mwisho. Kigen akapuliza filimbi. Lori likaondoka.

Jaa hilo lilikuwa timbo la zamani, shimo lililokatwa mawe ya kujengea mpaka mawe yakaisha, kando ya barabara inayopanda Mau Narok, katikati ya mashamba ya ngano. Taka zilikuwa zimelijaza na sasa zilisimama juu yake kama kilima. Manispaa mbili jirani zililitumia kwa pamoja. Kapsumet ilileta taka zake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Gathembe ilileta zake Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili taka zilipumzika. Tingatinga la kusawazisha kilima na kukifunika kwa udongo lilikuwa la Kapsumet. Dereva wake, Ogola, alikuwa wa Gathembe, na dizeli pia ilikuwa ya Gathembe. Mkataba ulipangwa hivyo makusudi, ili kila upande umhitaji mwenzake. Kwa mwaka mzima tingatinga lilikuwa limewaka mara tatu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa ya kupigwa picha.

Mpaka wa manispaa hizo ulipita katikati ya jaa. Wapima ardhi walikuwa wameuwekea vyuma, lakini vyuma viling'olewa na kuuzwa kama skrapu wiki ileile. Baada ya hapo kamati ilimwomba Kemboi, dereva wa trekta wa shamba la ngano la jirani, apige mfuo mmoja wa jembe kutoka mti wa saiprasi hadi ukingo wa timbo, na mwingine upande wa pili. Mtu akisimama kwenye mfuo mmoja na kuutazama wa ng'ambo, aliuona mpaka ukikatiza juu ya taka. Kila msimu Kemboi alipolima shamba, mifuo ilifutika, naye akapiga mingine pale alipokumbuka. Hakuna aliyeona tatizo.

Kuhusu Kigen, kila manispaa ilimhesabu kuwa mtu wa mwenzake. Kapsumet ilimpa bendera. Gathembe ilimpa filimbi.

Jumamosi alikuwa amemwambia karani wa Gathembe kwamba ukingo wa juu wa kilima umepasuka, ufa unaomeza mkono hadi kwenye kiwiko. Jumatatu asubuhi alimwambia karani wa Kapsumet. Kila karani alimwandikia mwenzake barua. Barua hizo zilipishana njiani.

Saa nne kasorobo ukingo ulishuka. Haukupiga kelele nyingi. Ulishuka kama anavyoketi mtu mnene aliyechoka, na ulipomaliza kuketi, Kigen alikuwa chini yake.

Siku ya tatu mkewe, Jepleting, alifika na chupa ya chai. Hakujua kwa nini ameileta, mkono ulizoea. Alipanda mpaka mahali ambapo waokota taka walimwonyesha. Hapo palikuwa na bomba la plastiki la kijivu, refu kumshinda mtu mzima, lililozamishwa zamani katika taka ili gesi ipate njia ya kutokea. Maporomoko yalikuwa yamelilaza kidogo, mdomo wake ukawa usawa wa sikio la Jepleting. Ndani ya bomba mtu alikohoa.

"Jepleting," Kigen akasema. "Umekuja na chai?"

"Nimekuja nayo."

"Iko na tangawizi?"

"Tangawizi imemalizwa na wageni wa matanga."

"Basi mimina kidogo tu."

Akamimina kikombe kimoja taratibu. Kisha akauliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nilikufa papo hapo, hata filimbi ilikuwa bado mdomoni. Ni uzito tu ndio unanisumbua."

Anyango, aliyekuwa akikusanya chupa za plastiki hatua chache kutoka hapo, aliinua kichwa. "Niaje, Kigen."

"Fiti, Anyango. Rudi nyuma kidogo. Hilo gunia unalokanyaga liko na kisu."

Anyango alifungua gunia, akatoa kisu, akakitia kwenye mfuko wake, akashukuru.

Nyumbani, kwenye shamba dogo la viazi, kaburi lilikuwa tayari. Kiprotich, mdogo wake Kigen, alilichimba siku ya pili kando ya kaburi la baba yao. Katika familia ile kaburi likishachimbwa halifukiwi likiwa tupu, na waliokuja kuzika hawaondoki kabla ya kuzika. Kwa hiyo walilifunika kwa mabati mawili. Kila asubuhi Kiprotich aliyainua mabati na kukomba maji ya mvua kwa jagi. Shangazi Jepkorir, aliyekuja na nguo za siku mbili, alitandika godoro jikoni. Kwaya ya kanisa iliendelea kufanya mazoezi ya nyimbo zilezile nne kila Jumanne na Ijumaa.

Jepleting alitaka jambo moja. Mumewe atolewe katika taka za watu, alazwe katika udongo wake.

Alhamisi alikwenda mbele ya Kamati ya Pamoja ya Taka. Kamati ilikutana ndani ya kontena langoni mwa jaa, nusu imepakwa rangi ya buluu na nusu ya kijani. Upande wa buluu alikaa Madam Rumaisa wa Kapsumet, mwanamke mpole aliyekuwa na kalamu tatu. Upande wa kijani alikaa Bwana Kang'ethe wa Gathembe, ambaye alisimama kumpisha mgeni kiti. Wote wawili walimpa pole, na walimaanisha.

"Mama, sisi hatuna shida na kumtoa," alisema Kang'ethe. "Swali ni moja tu. Yuko upande gani?"

Hawakuweza kujua wakiwa kontenani. Walivaa gambuti, wakapanda hadi kwenye bomba, na Madam Rumaisa akainama.

"Bwana Kigen, habari ya asubuhi. Tulikuwa tunauliza uko wapi."

"Kichwa na kifua viko Kapsumet," Kigen akajibu. "Kutoka kiunoni kwenda chini niko Gathembe. Mkono wa kushoto sijui uko wapi, sijauona tangu Jumatatu."

Wote wawili waliandika. Baada ya mashauriano mafupi walimweleza Jepleting kwamba jambo linawezekana. Kila manispaa ingechimba sehemu iliyo upande wake, kwa wakati wake, na kumkabidhi kwa barua.

"Mnanipa barua mbili," alisema Jepleting.

"Ndiyo, mama."

"Za mtu mmoja."

"Hapo ndipo ugumu ulipo," alisema Kang'ethe, naye akatazama chini.

Jepleting alikataa. Kiprotich alikomba maji kaburini mwezi wa nne wote na mwezi wa tano wote.

Mwezi wa sita mvua ilipungua, na Kemboi akalima. Mifuo mipya ilisogea hatua sita. Jepleting aliiona kabla ya mtu mwingine. Alisimama kwenye mfuo mmoja, akatazama wa pili, kisha akakimbia hadi kwenye bomba.

"Kigen! Mpaka umesogea!"

"Nimeusikia ukipita," Kigen akasema. "Sasa niko Gathembe mzima. Hata mkono nadhani."

Alimpelekea habari Kang'ethe mlangoni mwa kontena huku akihema. Kang'ethe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwa upole kwamba marehemu alikufa kabla Kemboi hajalima. Mtu huzikwa na manispaa ya siku aliyokufa, na siku hiyo alikuwa nusu kwa nusu. Madam Rumaisa, aliyekuwa upande wa buluu akinywa maji, alisema hapo amekubaliana na mwenzake. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo.

Kumchimba kungehitaji tingatinga, dereva na dizeli kwa siku sita, na siku hizo sita lori lolote lisimwage. Jambo hilo liliingia katika ajenda. Lilikaa humo likiwa la saba, chini ya choo cha walinzi.

Katika majira hayo Kigen alianza kuwa na manufaa.

Mkataba uliruhusu taka za nyumbani tu. Ijumaa moja, Madam Rumaisa alipopita kumsalimia, Kigen alimwambia kwamba lori la jana la Gathembe lilileta sindano na pamba za hospitali zikiwa zimefichwa chini ya maganda ya kabichi. Alizihisi zikimshukia. Madam Rumaisa aliandika kwa kalamu nyekundu. Jumanne iliyofuata Kang'ethe alipanda mwenyewe, bila kuitwa, na Kigen akamwambia kwamba lori la jana la Kapsumet lilimwaga betri za magari na matumbo ya kichinjio. Kang'ethe alimshukuru sana. Kabla ya hapo hakuna upande uliokuwa umeweza kuthibitisha lolote juu ya mwingine. Sasa walikuwa na mtu chini kabisa, mahali ambapo uongo wote hatimaye huangukia.

Fulana ya kumetameta ilivalishwa bomba. Mgongoni iliandikwa MKAGUZI. Kila upande ulimpenda Kigen kwa yale aliyoyasema juu ya upande wa pili, na kumsamehe yaliyobaki.

"Madam," Jepleting aliuliza katika mkutano wa mwezi wa saba, "mtamtoa lini?"

"Tunamtegemea sana kwa sasa," Madam Rumaisa akajibu. "Hata wewe unajua."

Kwa miezi hiyo hapakuwa na mwenye bendera. Malori yalimwaga yalipotaka, na mara nyingi yalitaka palepale karibu na bomba, kwa sababu kwingine kulikuwa na tope. Kila wiki Kigen alisema uzito umeongezeka. Jepleting alipima kwa macho akaona mambo yakienda hivyo hata matingatinga kumi hayatamfikia. Ndipo Kiprotich aliposema ataichukua kazi.

"Nitayaelekeza mbali," alisema. "Angalau yasimwongezee."

Shangazi Jepkorir alimtazama kutoka jikoni. "Wewe? Wewe hata mbuzi hakusikii."

"Lori si mbuzi, shangazi. Lori liko na breki."

Kapsumet ilimpa bendera. Gathembe ilimpa filimbi. Ilikuwa filimbi mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa bado mdomoni mwa Kigen au karibu na hapo. Kiprotich alisimama upande wa mashariki, kwenye kibapa, sehemu tambarare ya ardhi ambapo malori yaliweza kugeukia. Hapakuwa na kibapa kingine. Aliyaelekeza yote huko kwake, mbali na kaka yake, na taka zikaanza kupanda upande wa mashariki.

Jepleting, aliyekuwa sasa anafika kila siku, alikaa kando ya bomba akifikiri. Siku moja ya mwezi wa nane aliweka mdomo karibu na plastiki.

"Kigen. Nyamaza."

"Ninyamaze nini?"

"Usiwaambie tena chochote. Sindano zao, betri zao, wajionee wenyewe. Ukiwa huna kazi watakutoa."

"Na wewe je? Nisikusemeshe?"

"Na mimi pia. Wakisikia tunaongea watarudi na kalamu."

"Sawa," alisema Kigen. "Lakini chai uendelee kuleta."

Alinyamaza siku kumi na sita. Jepleting alimimina chai bila neno, akakaa bila neno, akarudi nyumbani bila neno. Madam Rumaisa alipanda mara tatu, akasalimia, akasubiri. Kang'ethe alipanda na kugonga bomba kwa ufunguo wa gari. Upepo wa Mau ulipita juu ya mdomo wa bomba ukaliimbisha kidogo, basi.

Alhamisi ya siku ya kumi na saba kamati ilimwita Jepleting. Alivaa nguo yake ya kanisani.

"Mama," alisema Kang'ethe, "tumekaa na suala lako. Ni hivi. Kwa sababu hasemi, hatuna tena uhakika kama yuko. Hatuwezi kuchimba kwa kubahatisha."

Jepleting aliwatazama mmoja baada ya mwingine, buluu na kijani. "Akisema, mnamwacha kwa sababu anasema. Akinyamaza, mnamwacha kwa sababu amenyamaza."

"Umelisema vizuri," alisema Madam Rumaisa. "Tutaliandika hivyohivyo."

Akaliandika. Wakati kalamu bado inatembea, sauti ilisikika kutoka kilimani, kubwa kuliko walivyowahi kuisikia, ikipita katika bomba kama baragumu.

"Kiprotich! Toka hapo!"

Wote watatu walitoka nje. Kiprotich alikuwa ameshuka mbio kutoka kwenye kibapa, bendera mkononi. Hakuna kilichoanguka. Jepleting alipanda hadi kwenye bomba akiwa na viatu vyake vya kanisani.

"Umesema," alimwambia.

"Ningefanyaje. Upande wa mashariki umepasuka. Nasikia ufa unatembea. Ni ule ule wa kwangu, Jepleting, unatembea kwa mwendo ule ule. Mwambie asisimame pale."

Kamati ilifurahi kumsikia tena. Ikaandikwa katika kumbukumbu kwamba Bwana Kigen yupo, yu mzima wa sauti, na anaendelea na majukumu yake. Kuhusu ufa, kamati yote ilikwenda kuuona. Kang'ethe aliingiza mkono. Ulimezwa hadi kwenye kiwiko. Akaupangusa kwa kitambaa. Kibapa cha mashariki, kwa mpaka wa Kemboi, kilikuwa cha Kapsumet kwa juu na cha Gathembe kwa chini. Barua mbili ziliandikwa jioni ile ile.

"Acha hiyo bendera," Jepleting alimwambia Kiprotich njiani kurudi nyumbani.

"Nikiiacha watamwaga juu yake."

"Waache wamwage."

"Shemeji, wewe unataka niache? Sema ukweli."

Jepleting alitembea hatua nyingi. Walipita shamba la ngano lililovunwa nusu, wakapita lango, wakafika kwenye mabati mawili. Hakusema ukweli, wala hakusema uongo. Kiprotich aliinua bati moja, akatazama kama maji yameingia, akalirudisha. Shangazi Jepkorir aliwauliza kutoka jikoni kama mazishi ni kesho. Wakamwambia si kesho.

Kiprotich alirudi kwenye kibapa. Akisimama, alisimama mguu mmoja mbele, tayari. Kila saa Kigen alimwambia Jepleting ufa umefika wapi, naye Jepleting akampigia Kiprotich kelele, na Kiprotich akainua bendera kuonyesha amesikia. Kazi iliendelea hivyo wiki tatu.

Wiki ya nne barua zilijibiwa. Jibu lilikuja haraka na likiwa na sahihi za pande zote mbili, jambo ambalo karani hakuwahi kuliona. Jumatano asubuhi dizeli ilifika kutoka Gathembe. Ogola alifika akiwa amevaa ovaroli safi. Akapanda tingatinga la Kapsumet, akalifuta kwa vitambaa, na likawaka kwa mara ya nne. Waokota taka walisimama kutazama. Jepleting aliacha chupa ya chai ikamwagika.

"Kigen," alisema kwenye bomba. "Wamekuja. Tingatinga limewaka."

"Nalisikia," Kigen akasema. "Linakuja huku?"

Tingatinga lilipita bomba bila kusimama. Lilielekea mashariki. Nyuma yake watu wawili walibeba bomba jipya la plastiki ya kijivu, refu, na Kang'ethe na Madam Rumaisa walifuata kwa miguu, wakiongea kama marafiki. Walifika kwenye kibapa. Madam Rumaisa alimwomba Kiprotich asogee kidogo, akapima kwa macho mahali alipozoea kusimama, akaonyesha kwa kidole. Ogola alisukuma bomba kwa ncha ya tingatinga mpaka likazama nusu.

Jepleting alifika akihema. "Hilo ni la nini?"

"Ni tahadhari, mama," alisema Kang'ethe. "Mara ya kwanza bomba lilikuwa mbali, tukahangaika siku tatu bila habari. Safari hii tumejipanga."

"Huo ufa mngeufukia. Mashine iko hapa. Inawaka."

"Kufukia hakujaafikiwa bado. Hili limeafikiwa."

Jepleting alimgeukia Ogola. "Ogola. Rudi nayo pale kwa Kigen. Dakika chache tu. Chimba."

Ogola alitazama kipimo cha dizeli, kisha akatazama mikono yake. "Mathe, nisamehe. Wamenipimia ya kuchomeka bomba tu."

Akazima. Kilima kikawa kimya kiasi kwamba walisikia bomba la kwanza likiuliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayejua jibu, "Nini hicho wamegonga?"

Kamati iliteremka kuelekea kontenani, na lori la Kapsumet, ambalo lilikuwa limesubiri langoni, lilipiga honi. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Kiprotich alivua koti lake, akatafuta mahali pa kuliweka. Pote palikuwa na taka. Akalitundika juu ya bomba jipya, akarudi hatua moja hadi mahali pake, akainua bendera.